Umempata Mwanao Uliyemtoa: Nenda Kujibu, Usiende Kudai

Wanawake waliotoa watoto wao walelewe na watu wengine hawafanani. Yupo binti wa sekondari aliyepata mimba, wazazi wakaogopa aibu, na kichanga kikapelekwa makao ya watoto kabla majirani hawajanusa kitu. Yupo mfanyakazi wa ndani aliyepewa ujauzito na mwenye nyumba, kisha akatimuliwa na begi lake. Yupo pia aliyesaini kwa hiari, akijua anachofanya, kwa kuwa alitaka mtoto apate nyumba yenye uwezo ambao yeye hakuwa nao.

Tanzania, msichana aliyejifungua hakuruhusiwa kurudi katika shule ya serikali mpaka Novemba 2021, Wizara ya Elimu ilipotoa waraka wa kuwarejesha. Kenya ilikuwa na sera ya kuwarudisha shuleni tangu 1994, ingawa sera ni jambo moja na mlango wa mwalimu mkuu ni jambo jingine. Watoto wengi waliozaliwa na wasichana wa miaka ile ya marufuku na aibu leo ni watu wazima. Wana simu, wana vitambulisho, na baadhi yao wameanza kuuliza.

Makala hii ni ya mama ambaye ametafutwa akapatikana, au anayejiandaa kutafuta. Ushauri wangu mkubwa ni mmoja, na mengine yote yanatoka humo: nenda kwa mwanao kama mtu anayedaiwa majibu. Ukienda kudai nafasi yako ya umama, hata kama moyoni unaona unaistahili, utamkimbiza. Wewe umekaa miaka yote na sura ya kichanga. Atakayekuja ni mtu mzima mwenye jina ambalo pengine hukumpa wewe, lafudhi na dini ya nyumba iliyomlea, na mwanamke mwingine anayemwita mama. Hamjuani bado.

Kwanza, jua ulimtoaje

Kuna tofauti kubwa kati ya mtoto aliyeasiliwa kwa amri ya mahakama, mtoto aliyekaa makao, na mtoto aliyechukuliwa na shangazi kwa makubaliano ya mdomo. Huyo wa shangazi, kisheria, huenda bado ni wako. Aliyeasiliwa ni mtoto wa wazazi waliomwasili kama vile wamemzaa wao, na haki zako juu yake zilikoma siku hakimu au jaji alipotia saini.

Kumbukumbu zinazounganisha cheti chake cha kwanza cha kuzaliwa na jina lake la sasa hutunzwa na serikali, lakini haziachwi wazi kwa kila anayepita kaunta. Kwa hiyo ukienda RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo Tanzania, au kwa msajili kule Nairobi, usitarajie karani akufungulie jalada kwa huruma. Anza na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri ambako mtoto alitolewa. Kenya, anza na afisa wa watoto wa kaunti ndogo au shirika lililosimamia uasili.

Ikiwa mtoto bado hajatimiza miaka 18, usimwendee kwa mlango wa nyuma: usimvizie getini shuleni, usimtumie ujumbe kwenye mitandao. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009 imemwachia mzazi aliyeasili jukumu la kumwambia mtoto kuwa ameasiliwa, na hata yeye ametakiwa kusubiri mtoto afikishe miaka 14 na kuangalia kama kumwambia kutamfaa. Wewe ukitangulia, unavunja utaratibu na unamvuruga mtoto.

Unachoweza kufanya tangu leo ni kuacha alama. Andika barua kwa ofisi au makao yaliyompokea, taja jina lako la wakati ule na la sasa, weka namba ya simu na ya mtu mmoja unayemwamini, kisha omba barua iwekwe kwenye jalada. Ukibadilisha namba, rudi uandike tena. Philomena Lee wa Ireland alijifungua akiwa kwenye nyumba ya masista huko Roscrea mwaka 1952, na mwanawe akapelekwa Marekani akiwa na miaka mitatu. Baadaye kila mmoja alimtafuta mwenzake kwenye nyumba ile ile, na kila mmoja aliondoka bila jibu. Kijana alifariki 1995, akaomba azikwe pale pale, na mama yake akaja kukuta kaburi. Ndiyo maana nasema usitegemee ofisi moja. Barua yako iwepo katika ofisi zaidi ya moja.

Waambie walio nyumbani kwako

Philomena aliolewa, akazaa tena, na siri ile akakaa nayo kwa takribani nusu karne kabla ya kuwaambia watoto wake. Wako wengi kama yeye mitaani kwetu. Lakini siku mwanao atakapobisha hodi, siri itatoka tu, na atakayeitoa anaweza kuwa jirani.

Mwambie mume wako mkiwa wawili, siku ambayo hamna ugomvi wala wageni. Usizunguke. Mwambie: “Kabla hatujajuana nilizaa. Mtoto alilelewa na watu wengine. Sasa amenitafuta, na nataka kuonana naye.” Mpe nafasi ya kukasirika. Mara nyingi kinachomuumiza ni kufichwa miaka yote, zaidi ya mtoto mwenyewe, na kwa hilo ana haki ya kuuliza. Baada yake waambie watoto, kila mmoja kwa umri wake. Usimruhusu kifungua mimba wako wa nyumbani ajue kupitia picha za WhatsApp kwamba ana kaka aliyemtangulia.

Wajulishe pia waliokusaidia kuficha: mama yako, shangazi, mama mkubwa. Nao walikuwa na sababu zao, na wengine watakataa kata kata kwamba jambo hilo liliwahi kutokea. Huhitaji ruhusa yao.

Kama unaishi na mwanamume anayepiga, ushauri huu unabadilika. Usalama wako unatangulia. Ongea kwanza na ndugu thabiti, mnasihi au dawati la jinsia la polisi, na mikutano ya mwanzo ifanyike bila yeye kujua.

Ujumbe wa kwanza

Sisi ni watu wa mshenga, na hapa mshenga ana kazi yake. Afisa ustawi, kiongozi wa dini mwenye kifua, au ndugu mtulivu anaweza kumuuliza kijana kama yuko tayari kabla hujamfikia wewe. Anayeulizwa hupata nafasi ya kusema “bado” bila kukutukana.

Ukiandika mwenyewe, andika kwa ufupi: wewe ni nani, alizaliwa lini na wapi, kwamba unapatikana akitaka kuuliza lolote, na kwamba hutamsumbua asipojibu. Usianze na “mwanangu kipenzi”. Usitume sauti ya dakika nne ukilia usiku wa manane. Usiombe picha za wajukuu.

Akiwa yeye ndiye aliyekutafuta, jibu upesi hata kama mikono inatetemeka. “Ndiyo, ni mimi. Nimefurahi umenitafuta. Nipe muda nijipange, nitakupigia Jumamosi saa kumi.” Jumamosi hiyo, saa kumi, piga. Mtu ambaye maisha yake yalianza kwa kuachwa anapima kila ahadi yako kwa ukali ambao hata yeye haujui.

Matapeli nao wapo. Kabla ya nauli, ada au “mtaji mdogo” kuingia kwenye mazungumzo, hakikisheni. Ulizaneni tarehe, hospitali, alama ya mwilini, jina la muuguzi au sista. Shaka ikibaki, fanyeni kipimo cha vinasaba. Tanzania hufanywa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na maombi hupitia watu wanaotambuliwa kisheria, kama mahakama, wakili au afisa ustawi wa jamii. Usikione kipimo kama tusi. Kinawalinda nyote wawili msije mkapendana kwa makosa.

Siku ya kuonana

Chagueni mahali pa watu, mchana: mgahawa mtulivu, bustani, au ofisi ya mnasihi. Kumleta nyumbani moja kwa moja, shangazi wamejaa sebuleni, vigelegele mlangoni na simu kumi zinapiga picha, ni kumgeuza mgeni kuwa maonyesho. Kila mmoja aje na mtu mmoja anayeweza kukaa meza ya pembeni. Saa mbili zinatosha. Mkitamani kuendelea, pangeni siku nyingine.

Acha yeye aamue kama ni mkono au kukumbatiana. Muite kwa jina analotumia. Ikiwa ulimpa jina jingine siku ya kuzaliwa, mwambie siku ya pili au ya tatu kama sehemu ya historia yake, wala usimwombe alirudie. Asipokuita mama, usimsahihishe. Atakuita “mama mdogo”, “aunti”, au atakuita kwa jina la mwanao wa pili, mama fulani. Yote ni majina ya heshima.

Zawadi ziwe ndogo na zenye habari ndani yake: kadi ya kliniki kama ipo, picha yako ya umri ule, picha ya babu aliyefanana naye. Simu mpya ya bei kubwa inasema kitu kingine kabisa.

Kuhusu msamaha, kuna jambo la kujifunza kwa Steve Jobs, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Apple, ambaye aliasiliwa alipozaliwa mwaka 1955. Mama yake, Joanne Schieble, alikuwa mwanafunzi wa chuo ambaye baba yake alipinga uhusiano wake na kijana wa Kisyria. Walipoonana, Jobs akiwa mtu mzima, yeye alikuwa amekuja kumshukuru na kuona kama yuko salama. Mama aliomba radhi tena na tena. Ni jambo la kibinadamu. Lakini mama anayeomba msamaha kila baada ya sentensi humfanya mtoto awe mbembelezaji, na mtoto hakuja kwa kazi hiyo. Omba radhi mara moja, kwa maneno kamili, ukitaja ulichofanya: “Nilikutoa. Najua ilikugharimu. Naomba unisamehe, na si lazima unijibu leo.” Kisha nyamaza umsikilize.

Maswali atakayokuja nayo

Swali la kwanza ni kwa nini. La pili ni baba yangu nani. La tatu, nina ndugu? Yaandalie majibu kabla, kwa karatasi ikibidi.

Kwenye “kwa nini”, sema hali ilivyokuwa: umri wako, nani aliamua, ulikuwa na nini mfukoni, nani alikwambia huna njia nyingine. Usimtupie bibi yake mzigo wote, kwa kuwa naye ni damu yake na huenda bado yuko hai. Sehemu uliyoamua wewe, ikubali kuwa ni yako.

Kwenye suala la baba, kishawishi cha kudanganya ni kikubwa. “Alikufa kwa ajali” ni jibu jepesi, mpaka siku kijana atakapokutana na watu wa ukoo ule wakamwambia mzee yupo Morogoro anauza mbao. Kama ulibakwa, au mhusika alikuwa ndugu wa karibu, huna wajibu wa kueleza hayo mkutano wa kwanza, na kamwe usiyaeleze kwa ujumbe wa simu. Unaweza kusema: “Hilo lina maumivu, nitakueleza tukiwa na mtu wa kutusaidia.” Halafu utimize, mbele ya mnasihi, ukimwambia wazi kwamba ubaya ule haukuwa wake.

Jina la baba lina kazi kwetu. Linaamua ukoo, mwiko, na nani hawezi kuoana na nani. Kwa Waislamu, malezi hayafuti nasaba: mtoto hubaki wa baba yake hata akilelewa na wengine, na ndugu zake wa damu ni maharimu zake, awajue asiwajue. Kijana wa miaka 25 anayetafuta mchumba mji ule ule alikozaliwa anahitaji habari hizi kabla ya mahari kupelekwa.

Mpe pia habari za afya. Selimundu, kisukari, shinikizo la damu, kifafa, saratani ya matiti, mapacha katika familia. Miaka yote daktari amemuuliza “nyumbani kwenu kuna ugonjwa gani?” naye akajibu “sijui”.

Na kama una karatasi yoyote ya wakati ule, itoe. Mshairi wa Uingereza Lemn Sissay alizaliwa 1967 na mwanafunzi kutoka Ethiopia aliyeomba mwanawe alelewe kwa muda tu wakati akimaliza masomo. Mama alikataa kusaini hati za kuasili, lakini mtoto alipewa jina jingine na kuwekwa kwa familia kwa muda mrefu, kisha kwenye makao. Alipofikia umri wa kutoka kwenye malezi ya serikali ndipo alipooneshwa barua ya mama yake ya mwaka 1968, akiomba arudishiwe mwanawe. Barua moja ilimwambia kile ambacho hakuna aliyewahi kumwambia: kwamba alikuwa anatakiwa.

Mama aliyemlea

Utaambiwa, kwa uso au kwa mafumbo, kwamba kuzaa si kazi, kazi kulea. Usibishane. Yule mama amekesha na homa za malaria, amelipa ada, amekaa kwenye vikao vya wazazi. Mwulize mwanao mapema kama waliomlea wanajua kuwa mnaonana. Wapo wanaojificha kwa kuogopa kumuumiza mlezi. Jobs hakumwendea mama yake mzazi mpaka mama aliyemlea alipofariki 1986. Usimsukume atangaze. Siku atakapokuwa tayari kuwakutanisha, maneno yako ya kwanza kwa mwanamke yule yawe “asante”, na umwite dada au mama kulingana na umri.

Mtihani mkubwa hujitokeza kwenye sherehe. Kwenye send-off, kitchen party au harusi, kiti cha mama wa binti ni cha mama aliyemlea. Utakaa utakapowekwa, hata ikiwa meza ya nyuma pamoja na wageni wa ofisini. Vaa vizuri, toa mchango wako, cheza. Watu watakumbuka utakavyokaa siku hiyo kuliko hotuba yoyote.

Fedha na mirathi

Mwanao akiwa amelelewa Oysterbay au Ulaya, ndugu zako watapanga foleni: bati, ada, matibabu ya mjomba. Wazuie wewe mwenyewe, na usingoje yeye akatae. Akiwa amekuja na shida, msaidie kama ungemsaidia ndugu, kwa kiasi usichojuta ukikikosa, na jiepushe na mikopo katika mwaka wa kwanza. Fedha za kulipia hatia hazina kikomo, na mtoto ataanza kukuonea huruma au kukutumia.

Kuhusu mirathi, usiache mambo yajigawe yenyewe. Aliyeasiliwa kwa mahakama anarithi kwa wazazi waliomwasili. Ukitaka apate kitu kutoka kwako, andika wosia kwa wakili na uwaambie watoto wako wengine ungali hai. Katika sheria ya Kiislamu mtoto wa tumbo lako anakurithi, hata aliyezaliwa nje ya ndoa, kwa hiyo jina lake lisifichwe siku ya kugawa.

Furaha ikipoa

Wiki za mwanzo mtaongea mpaka usiku, mtalinganisha vidole na namna ya kucheka. Kisha, ghafla, ujumbe haujibiwi. Hali hii ni ya kawaida. Ameanza kuhesabu vitu alivyokosa, au amechoka, au nyumbani kwake kuna maneno. Mwanamuziki Joni Mitchell wa Canada alijifungua binti mwaka 1965 akiwa hana mume wala fedha, akamtoa, wakaonana tena 1997 kwa furaha iliyoandikwa na magazeti, na miaka iliyofuata ikawa na mivutano. Kuonana hakumalizi kazi.

Wakati wa ukimya, usimfukuzie kwa simu ishirini wala kutuma ndugu wamsemee. Tuma neno fupi kwa kawaida isiyobadilika: siku yake ya kuzaliwa, Idi au Krismasi, mwanzo wa mwaka. Akija na hasira, mwache aimalize. Usimkumbushe mateso yako katikati ya mateso yake. Angalia pia ndugu zake wa tumbo lako, maana mara nyingine wao ndio mlango rahisi. Jobs aligundua kupitia mama yake kuwa ana dada, mwandishi Mona Simpson, na wawili hao wakawa marafiki wa karibu.

Nawe utahuzunika, hata wakati ambapo kila mtu anakupongeza. Umempata mtu mzima, na utoto wake umekwenda. Usingizi ukipotea kwa wiki kadhaa, chakula kikakataa, au mawazo ya kujidhuru yakaja, nenda hospitali ukaonane na daktari wa afya ya akili.

Akikataa, au akiwa hayupo tena

Baadhi yao watasema hapana. Wengine watakujibu miaka kumi baadaye, wakishakuwa wazazi. Pokea jibu mara moja, mshukuru kwa kukujibu, na usirudi kugonga.

Lakini kuna kazi ambayo haihitaji ridhaa yake. Chukua karatasi wiki hii uandike: jina la baba na ukoo wake, kijiji na mtaa, majina ya bibi na babu za pande zote mbili, magonjwa ya familia, ndugu alionao, na jinsi ulivyomtoa, hatua kwa hatua. Tia tarehe na saini. Nakala moja ipeleke kwenye jalada lake ustawi wa jamii, nyingine mpe wakili, kiongozi wa dini au mwanao mkubwa. Habari hizo ni mali yake. Azipate hata kama hatataka kukuona.